Bao la Siku ya Matanga

Mama aliamini kwamba kazi ya barafu ni kutiwa kwenye juisi ya ndimu, basi. Alinambia hivyo siku aliyojua kwamba mimi, bintiye, mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana hapa Ibra, huondoka kila Ijumaa baada ya sala ya alfajiri nikaendesha gari hadi Maskati, karibu saa mbili za njia, kwenda kucheza mpira wa magongo juu ya barafu ndani ya mol, jengo la maduka. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikimwambia nakwenda darasani. Haukuwa uongo mtupu, maana nilikuwa nikijifunza kweli.

Wala hakuupata ukweli kwangu. Aliupata katika soko la wanawake, lile la Jumatano, ambalo mwanamume haingii hata awe na haraka ya namna gani. Mama alikuwa na meza yake pale, akiuza kanga na madira aliyoyashona mwenyewe. Wateja wake nusu walikuja kununua, nusu walikuja kuzungumza Kiswahili na mtu aliyezaliwa nacho Unguja. Mmoja akamtolea simu akamuuliza, "Bi mkubwa, huyu si wako?" Mama akatazama picha ya mtu mwenye mabega mapana, kofia ngumu kichwani, nondo mbele ya uso. Akasema, "Huyu dereva wa pikipiki. Mie nna mtoto wa kike." Halafu, kwa alivyohadithia mwenyewe, akayaona macho ya marehemu baba yangu ndani ya zile nondo.

Nilirudi kutoka skuli nikamkuta amekaa jikoni bila ya kupika.

"Shikamoo mama."

Marahaba haikutoka. Nikajua.

"Yaani unaanguka mbele ya watu," akasema, "miguu huko, kichwa huku. Na nani atakuja kukuposa sasa? Golikipa?"

"Golikipa wetu mwanamke, mama."

"Basi ndiyo nshakwisha."

Tukacheka, yeye kwanza. Lakini mama alikuwa mtu wa kucheka na kukukatalia kwa pumzi moja, na mimi nilirithi hasira zake bila ya kurithi ile subira ya kuzikalia. Alisema niache. Nilisema siachi. Kuanzia hapo, kila Ijumaa nilipotoka na begi langu alikuwa macho, na kila Ijumaa alijifanya amelala.

Nieleze kidogo ilikuwaje, maana watoto wa siku hizi wanaingia uwanjani wakadhani barafu ile ilikuwa yetu tangu hapo. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo Maskati. Siku moja nikasimama nyuma ya kioo nikiwatazama vijana wa kiume wakifukuzana na kisahani cheusi cha mpira mgumu, paki. Mimi nimekulia kwenye nchi ambayo wakati wa kiangazi usukani wa gari unakuunguza mkono. Sikuwahi kuona binadamu wakienda kasi namna ile bila ya kukimbia. Nikamwendea kocha wao, nikamuuliza wanawake wanacheza siku gani. Akasema hakuna wanawake. Nikamwambia, sasa yupo mmoja. Akacheka, akasema niwalete wengine watano ndipo tuzungumze. Nadhani alitaka kuniondoa kwa adabu. Ilinichukua mwaka na nusu kuwapata hao watano, kwa kubembeleza, kwa kuwapakia garini, na kwa kuwadanganya mama zao kwa sauti ya ualimu. Tukapewa Ijumaa asubuhi, kabla mol haijafunguliwa. Mmoja akiwa na harusi kwao asije, hatuchezi, maana kwenye barafu mnatakiwa sita pamoja na golikipa.

Nilianguka mara nyingi kuliko nilivyosimama. Mwaka wa pili tangu mama anikataze nilivunjika mkono wa kushoto, na mama akapata siku yake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akasema mbele ya daktari. Nikamwambia mimi nimevunjika mkono, kwa hiyo methali haikunihusu. Daktari alicheka peke yake. Mama alinilisha wali kwa mkono wake wiki ile yote, tonge kwa tonge, na kila tonge lilikuja na neno lake. Ningetoa mikono yote miwili leo kwa wiki moja kama ile.

Ikaja barua ya mwaliko. Mashindano ya wanawake, nchi moja ya baridi huko Asia ya kati, siku tano, mechi tatu. Timu yetu haikuwahi kutoka nje ya nchi. Mimi ndiye niliyewakusanya, mimi ndiye mkubwa wao kwa umri, na ingawa unahodha tulimpa mwengine aliyenishinda kasi, wote walinitazama mimi.

Kwetu mtu hasafiri safari ya maana bila ya kuomba radhi. Unakwenda kwa mzazi, unainama, unasema niwie radhi mama kwa niliyokukosea, na yeye anakujibu nimekuwia radhi, dunia na akhera, nenda na Mungu. Ni maneno machache, lakini mtu akiyakosa hupanda ndege na miguu mizito. Mama aliwahi kuniwia radhi nikienda Umra, nikienda mtihanini, hata nikienda kung'olewa jino.

Jumamosi ile asubuhi alikuwa akiparua samaki. Nikainama.

"Mama, niwie radhi. Naondoka."

Hakuinua uso. Magamba yakaendelea kuruka kwenye sinki.

"Mama."

"Nenda," akasema. "Ukirudi tutazungumza."

"Nataka unambie sasa."

"Mie nshasema. Ukirudi."

Ningeweza kukaa. Ningeweza kumshika mkono ule wenye magamba, nikaubusu, nikang'ang'ania, na najua angelegea, maana alikuwa akilegea siku zote. Lakini nilikuwa na ndege, na nilikuwa na hasira. Nikabeba begi langu. Nikajisemea, na iwe hivyo, nikirudi na ushindi atasema mwenyewe.

Mama alifariki Jumanne ile, baina ya Magharibi na Isha, katika hospitali ya Nizwa. Alikwenda kumtazama kaka yangu, anayefanya kazi huko. Akahisi kifua kizito wakati akitia udhu, wakamkimbiza, na moyo wake haukungoja. Jumatano asubuhi walimleta Ibra wakamzika. Mimi niliambiwa Ijumaa.

Kwa asiyetujua, hili linahitaji maelezo. Kwetu aliye mbali hapigiwi simu ya kifo. Anaambiwa fulani hana raha kidogo, fulani amelazwa, njoo. Anaachwa asafiri na tamaa yake, akifika ndipo anapokewa na watu wa kumshika asianguke. Tunaita kumsitiri mtu. Na mimi siwezi kujifanya mgeni wa desturi hii. Alipofariki mjomba wangu huko Unguja, mimi mwenyewe niliificha simu ya mama siku mbili, nikamwambia imeharibika chaji, kwa sababu presha yake ilikuwa juu. Alipokuja kujua alilia, halafu akanishika kichwa akasema ahsante mwanangu, umenisitiri. Kwa hiyo kaka alipoamua nisiambiwe mpaka nimalize mechi zangu, alifanya lile ambalo mama angelifanya.

Alimpigia kocha, kocha akamwambia nahodha, na nahodha akawaambia wote. Kuanzia Jumanne usiku mpaka Ijumaa nilikuwa mtu pekee kwenye timu ambaye kwake mama yangu yu hai. Sikuliona hilo. Niliona tu kwamba wananipa kitanda kizuri, wananimenyea machungwa, na kwamba golikipa, ambaye hana mzaha, alinikumbatia kwenye ngazi bila ya sababu. Nikadhani ni baridi.

Na simu ya mama haikunitia shaka, kwa sababu hatukuwa tukisemeshana. Hilo ndilo linaloniuma mpaka kesho. Mtu anayepigiwa na mamake kila siku angejua Jumatano asubuhi tu. Mimi nilikuwa nimesuswa, na mama alikuwa bingwa wa kususa, angeweza kukaa wiki. Kimya cha kaburi kilikuja na sikukitofautisha na kimya cha kununa.

Mechi mbili za mwanzo tulifungwa vibaya, sitaki hata kutaja. Ya tatu ilikuwa Alkhamisi mchana. Kipindi cha mwisho, tumeshafungwa manne, paki ikanijia ikidunda kutoka kwenye ubao wa pembeni. Mlinzi wao akateleza vibaya, na mbele yangu nikaona kipa mmoja na uwazi mdogo juu ya bega lake. Nikapiga. Sikuiona ikiingia, nilisikia wenzangu. Bao la kwanza la wanawake wa kwetu kwenye mashindano ya nje lilifungwa na mwalimu wa hesabu wa Ibra mwenye miaka thelathini na mbili. Walinivamia wote, tukaanguka chungu nzima juu ya barafu, na wenzangu walikuwa wakilia. Nikawaambia jamani, tumefungwa manne, mnalia nini. Wakazidi kulia.

Nikapigwa picha na bendera, meno yote nje.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo nikamrekodia mama ujumbe wa sauti. Naukumbuka neno kwa neno, na laiti ningeusahau. "Mama, nimefunga. Bao la kwanza kabisa, la kwanza. Ukitaka kununa nuna, lakini leo kidogo nipongeze, halafu uniwie radhi, maana nimechoka kucheza na miguu mizito." Nyuma yangu zinasikika bomba za maji na mtu anacheka. Baada ya muda alama mbili zikageuka buluu. Amesikia, nikajisemea. Nikangoja jibu. Nikanawa, nikavaa, nikala, jibu halikuja. Basi nikaizima simu kwa hasira na nikasema kwa sauti, peke yangu, nuna basi mpaka nirudi.

Aliyeusikiliza ni mama mdogo, mdogo wake mama, chumbani kwa marehemu, wanawake wa matanga wamemzunguka.

Ijumaa mchana kaka alinipokea uwanja wa ndege. Nikamuuliza mama hajambo.

"Amelazwa. Presha."

"Hospitali gani? Tupitie kwanza."

"Si saa ya kutazama wagonjwa sasa. Twende nyumbani, uoge."

Nikaamini. Mimi niliyekwisha kumdanganya mtu maneno hayo hayo, nikaamini. Njia nzima nikamhadithia bao langu. Kaka hajui paki ni mviringo au mraba, lakini siku ile aliniuliza kila kitu: kipa alikuwa upande gani, nilipiga kwa mkono upi, watu walisema nini. Alikuwa akiniongeza maneno ili nisinyamaze. Tulipoiacha barabara kuu kuingia Ibra hakuwa na swali tena. Niligeuka kumtazama nikaona ndevu zake zimelowa.

Nje ya nyumba viatu vya wanawake vilikuwa vimefika mpaka ukutani. Niliingia na begi langu kubwa begani na gongo limetokeza, kwa sababu sikuwa na akili ya kuliweka chini. Wanawake walikuwa wameshika juzuu zao wakisoma khitma. Wakanyamaza safu kwa safu, kutoka mlangoni mpaka ndani. Mama mdogo akaja akanivua begi.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mama yako ametutangulia, mwanangu."

"Lini?"

"Jumanne."

Nikahesabu. Nahesabu mimi, ndiyo kazi yangu. Jumatano nilikuwa nikila machungwa. Alkhamisi nilikuwa nikicheka na bendera, na picha ile ilikuwa imekwisha kupita kwenye simu za watu wote wa soko la Jumatano, mama yangu yuko siku ya pili kaburini. Waliokuwa hawajui kwamba sijui walisema, binti gani huyu.

Niliwasema vibaya. Nilimwambia kaka hakunisitiri, amenivua nguo. Akajibu kwa upole kwamba hata ningeambiwa ile Jumanne nisingewahi maziko, ndege ni mbili na kuna kulala njiani. Ilikuwa kweli, na ukweli wake ulizidi kunitia hasira. Nililala juu ya msala wa mama mpaka Jumapili. Nilikuwa na swali moja tu, na nilikuwa naogopa kuliuliza.

Mama mdogo ndiye aliyelijibu kabla halijaulizwa. Alikaa kitandani, akanishika mkono, akasema kwa sauti laini, "Usijitie huzuni. Mama yako alikutaja. Nilikuwa nimekaa kichwani pake. Akasema, mwanangu nimemwia radhi, dunia na akhera, mwacheni acheze."

Nililia kilio cha raha. Nilimbusu mikono. Usiku ule nilipata usingizi kwa mara ya kwanza.

Nilipoamka, ile kazi yangu ikaanza bila ya mimi kuitaka. Mama mdogo anakaa Sur. Kutoka Sur hadi Nizwa, ukienda mbio, ni zaidi ya saa tatu. Mama aliumwa wakati wa udhu wa Magharibi, na Isha haijaadhiniwa alikuwa amekwisha kufa. Baina ya Magharibi na Isha hakuna hata saa mbili. Nikaifanya hesabu ile mbele na nyuma, nikaifanya kwenye karatasi kama mtoto wa darasa la tano. Mama mdogo hakuweza kuwa kichwani pake. Alimkuta amefunikwa.

Nikamwendea kaka, aliyekuwapo. Nikamuuliza mama alisema nini.

"Ndiyo hayo aliyokwambia mama mdogo."

"Wewe ulimsikia?"

"Khalas, dada. Aliniwia radhi mimi na wewe. Wote."

Hakunitazama. Sikuuliza tena, wala sijauliza mpaka leo, na mama mdogo naye sasa marehemu. Pengine mama alisema kweli, kwa kaka, maneno mengine, na mama mdogo akayatia chumvi kwa mapenzi. Pengine alipiga simu Sur akiwa garini. Pengine hakusema lolote, alishika kifua tu. Watu walionipenda kiasi cha kunificha mauti ya mama yangu siku tatu, wakanimenyea na machungwa, watashindwa nini kunitungia sentensi moja? Wangenambia hayo hayo hata kama mama alikufa akinilaani. Hapo ndipo nilipokwama. Siwezi kuwaamini kwa sababu ni wema.

Nilicheza miaka minne zaidi. Watu hudhani niliacha kwa huzuni, lakini niliacha kwa sababu ya goti. Nilifunga mabao mengine, sikumbuki mangapi. Kila Ijumaa alfajiri nilipita mbele ya mlango wa chumba cha mama taratibu, na sasa sikuwa na wa kumwamsha.

Siku hizi nafundisha wasichana mpira huo wa barafu. Wapo wengi, wanatoka Maskati, Nizwa, hata Manah. Wanaletwa na mama zao, na mama hao huniita kando kabla ya kutoa idhini. Karibu wote huuliza jambo moja. Mwezi uliopita alikuja bibi mmoja kutoka Samad Ash Shan, mtu wa kwetu, Kiswahili chake cha Mji Mkongwe hakijapungua hata chembe. Alimshika bintiye mkono kama mtu aliyekuja kumrudisha.

"Mwalimu, niwie radhi kwa kuuliza. Mama yako mwenyewe alilikubali jambo hili?"

"Aliniwia radhi," nikasema. "Dunia na akhera. Akasema mwacheni acheze."

Nimeshawaambia wengi hivyo. Nisipowaambia, binti harudi Ijumaa ya pili. Yule bibi akashusha pumzi, akasema Mungu amrehemu, akauachia mkono wa mtoto akaenda kukaa nyuma ya kioo na tasbihi yake.

Nikapiga goti moja, lile zima, kumfunga mtoto kamba za viatu. Ana miaka kumi na mitatu, kazaliwa hapa hapa Oman, Kiswahili chake cha kuokoteza. Akainama mpaka kofia yake ikakaribia kichwa changu.

"Mwalimu, wewe mwenyewe umesikia yeye anasema?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza hilo. Nilikaza kamba ya kwanza, nikakaza ya pili, na bado alikuwa akingoja.

"La, habibti," nikamwambia. "Sikumsikia. Mimi nilikuwa nacheza."